Mti Mzee Katika Chungu, na Miche ya Githurai

Je, ndugu mkulima, umepata kusikia habari za watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali ili kutazama miti isiyofika magotini? Watu hao wapo. Miti yenyewe huitwa bonsai, yaani mti uliopandwa katika sinia, na mabingwa wake ni Wajapani.

Mwaka 1923 tetemeko kubwa la nchi liliharibu mji wa Tokyo. Baadhi ya watunza bonsai wa huko wakahama, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya. Hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa kwanza wa bonsai wa dunia nzima, mwaka 1989. Mwaka 2017 mkutano huo ulirudi huko, Omiya ikiwa sasa ni sehemu ya mji wa Saitama. Tena kijiji kina sikukuu yake ya kila mwaka, tarehe 3 hadi 5 Mei. Si mabingwa tu wanaokaribishwa. Mtu yeyote aweza kuingia, kutazama, kuuliza maswali na kununua mti au chungu.

Wengi hudhani bonsai ina mbegu yake ya pekee. Sivyo. Ni mti kama mingine, ila mwenyewe huupogoa matawi, na kila baada ya miaka michache huutoa katika chungu, hukata mizizi iliyozidi na kuurudisha katika udongo mpya. Asipofanya hivyo, mizizi huzunguka chungu na kujibana yenyewe, na mti hudhoofika.

Mti ukitunzwa vyema huishi sana. Kuna msonobari mmoja ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa kwa jamaa ya Yamaki, kilomita zipatazo 3 kutoka hapo, nyuma ya ukuta. Haukufa. Mwaka 1976 Wamarekani walipewa uwe zawadi, nao uko Washington hata leo.

Sasa utauliza: haya yanamhusu nini mkulima wa skimu anayetaka mti mkubwa wenye matunda mengi?

Yanamhusu sana. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka Githurai 45, nikanunua kando ya barabara miche 12 ya avokado. Nilichagua iliyo mirefu kuliko yote, nikidhani nimepata faida. Mwaka wa tatu miti ya jirani ilikuwa imeanza kuzaa. Yangu ilikuwa imenifika kifuani tu, majani ya manjano. Nilipong'oa mmoja nilikuta mizizi imejisokota kama kamba, kwa umbo lile lile la mfuko wa plastiki. Miche ilikuwa imekaa mno katika mifuko. Nilikuwa nimepanda bonsai bila kujua, na miaka mitatu ya shamba langu ikapotea.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha zako, shika haya:

1. Usivutwe na urefu. Mche mrefu katika mfuko mdogo ni mche uliochelewa.

2. Geuza mfuko utazame chini. Ukiona mizizi minene imetoka au imejizungusha, uache.

3. Ukinunua miche mingi, mwombe mwuzaji apasue mfuko mmoja mbele yako. Gharama ya mche mmoja ni ndogo kuliko hasara ya shamba.

4. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, na uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza.

5. Siku ya kupanda ondoa mfuko wote. Mizizi michache iliyojikunja chini ikate kwa kisu kikali.

Ukiwa na shaka, mwulize bwana shamba kabla ya mvua kunyesha. Mimi nilimwuliza baada ya miaka mitatu, naye hakuwa na dawa ila jembe.