Linda kinga ya umeme ya pampu yako kabla mvua haijaanza

Vijana wengi mnaolima nyanya, vitunguu na matikiti kwa umwagiliaji mmeshajua kuwa pampu ya umeme inahitaji kinga, ile ambayo mafundi wanaiita saji protekta. Mnanunua, mnafunga, basi. Tatizo ni kwamba kinga yenyewe inakaa shambani juu ya nguzo, mvua yake, jua lake, vumbi lake. Ikishaingia maji hailindi tena, na inaweza kushika moto au kufanya boksi zima la chuma liwe na umeme. Na mota ikiungua wakati nyanya ziko kwenye maua, hasara si ya mota peke yake.

Kwanza angalia boksi. Limeandikwa herufi IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP20 ni la ndani ya nyumba, halizuii maji hata kidogo. Shambani tafuta IP65. Zile gadi za friji za kuchomeka ukutani ziacheni sebuleni jamani, hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Lakini IP65 ukilitoboa tundu juu ili upitishe waya, si IP65 tena. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Waya uingie kwa chini, kupitia glandi inayobana vizuri, na kabla ya kuingia uuache uning'inie kidogo kama kitanzi. Maji yanayotiririka juu ya waya yatadondokea pale chini ya kitanzi badala ya kuufuata hadi ndani. Ni kazi ya dakika mbili tu na haina gharama.

Maji mengine hayatoki mawinguni. Mchana boksi linapata joto, usiku linapoa, na unyevu wa hewa iliyomo ndani unageuka matone, kama unavyoona kwenye chupa ya soda baridi. Ndiyo maana kulifunga boksi kwa mfuko wa nailoni ni kosa: unafungia unyevu na joto ndani. Afadhali upandishe kiambaza kidogo cha bati juu yake, kiwe na nafasi ya hewa kupita, na boksi liwe juu ya usawa ambao maji ya mafuriko hufika. Ukitumia silikoni kuziba nyufa, epuka ile inayonuka kama siki, kwa sababu asidi yake inakula shaba.

Joto nalo lina madhara yake. Ndani ya kinga nyingi kuna vidonge viitwavyo varista. Kila vinapomeza pigo la umeme vinachakaa, na joto kali linaharakisha kuchakaa huko. Kinga nyingi zina kidirisha kidogo: kijani maana yake bado nzima, nyekundu maana yake imekufa. Pampu itaendelea kuzunguka kama kawaida hata kikiwa chekundu, kwa hiyo usipotazama hutajua. Kitazame kila baada ya radi kubwa, hasa ninyi wa Kanda ya Ziwa, maana eneo la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani.

Waya wa ethi usisahaulike. Pigo linatakiwa kwenda ardhini, na kama kiungo cha kwenye fimbo kimeshika kutu, halina pa kwenda isipokuwa kwenye mota. Waya kutoka kwenye kinga uwe mfupi na ulionyooka, usizungushwe. Hata hivyo radi ikipiga moja kwa moja pale pale, hakuna kinga ya kuiamini. Ukiona wingu zito, zima na ukate swichi kuu mapema.

Wenye sola: kinga ya umeme wa TANESCO haifai upande wa paneli. Nunua iliyoandikwa DC, yenye volti zinazozidi zile za paneli zako zote zikiunganishwa.

Sisimizi, nyigu na mijusi wanapenda sana maboksi haya. Ziba matundu yasiyotumika, ila usipulizie dawa ya wadudu ndani.

Ukaguzi ufanyike kabla ya vuli na kabla ya masika, umeme ukiwa umezimwa, na fundi awe na leseni ya EWURA. Kinga iliyozama kwenye maji usiianike juani ukairudisha. Toa, weka nyingine.