Senegal Ilipojitoa, Reli Ilikatika

Ndugu wafanyakazi, safari hii ukurasa wa nchi jirani unavuka Afrika mpaka magharibi. Jirani huyu yuko mbali, lakini msiba wake tunaufahamu. Aliyekuwa katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, hahitaji kuelezwa jinsi mpaka unavyoweza kumtenga mtu na kazi yake.

Tunazungumzia Senegal kujitoa katika Shirikisho la Mali tarehe 20 Agosti 1960. Shirikisho hilo lilikuwa la nchi mbili: Senegal, na ile iliyoitwa Sudani ya Kifaransa (si Sudan ya Khartoum), ambayo leo ndiyo Mali. Zilipata uhuru pamoja tarehe 20 Juni 1960. Basi taifa hilo liliishi miezi miwili tu, likafa hata rais halijamchagua.

Wengi huanza kueleza mambo kwenye kiti hicho cha rais. Uchaguzi ulipangwa kufanyika tarehe 27 Agosti. Léopold Senghor wa Senegal alikitaka. Wasudani hawakumtaka, wakaanza kuzungumza na Wasenegal wengine. Hatukatai kwamba jambo hilo lilichoma. Lakini ugomvi wa viti tunao hata katika matawi yetu, na chama hakifi. Tatizo lilikuwa chini zaidi. Modibo Keïta, Waziri Mkuu wa Shirikisho, na wenzake walitaka dola moja lenye amri moja. Senghor na Mamadou Dia walitaka ushirika ambao kila nchi inabaki na mambo yake. Neno "shirikisho" lilitiwa sahihi na wote, kila upande ukilisoma kwa maana yake. Tena Dia alikuwa na kofia mbili: mkuu wa serikali ya Senegal, na papo hapo makamu na waziri wa ulinzi chini ya Keïta. Wakagombana juu ya nani awe mkuu wa majeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Keïta alimwondoa Dia katika uwaziri na kutangaza hali ya hatari. Askari wa usalama walisimama na Senegal, na usiku huo huo Senegal ikatangaza kujitoa. Keïta na wenzake walipakiwa katika treni, wakarudishwa Bamako.

Hapa ndipo habari inapotuhusu sisi. Reli ya Dakar mpaka Bamako ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Baada ya treni hiyo ya Keïta, Bamako ilifunga mpaka, na treni hazikuvuka tena mpaka mwaka 1963. Reli ikagawanywa kuwa mashirika mawili. Wafanyakazi wengi wa reli wenye asili ya Sudani waliokuwa Senegal, pamoja na Thiès penye karakana kuu, walifunga mizigo wakarudi kwao. Karanga na bidhaa za Mali zikabebwa kwa malori kufuata njia ya Abidjan.

Na hao walikuwa watu gani? Walikuwa wale wale waliogoma pamoja kuanzia tarehe 10 Oktoba 1947 mpaka tarehe 19 Machi 1948, chini ya uongozi wa Ibrahima Sarr, wakidai mfumo mmoja wa madaraja ya kazi kwa Mwafrika na Mzungu. Miezi mitano bila mshahara, wake zao wakihangaikia chakula cha watoto. Siku hizo hapakuwa na Msenegal wala Msudani. Palikuwa na mtu wa reli. Umoja wao ulitangulia Shirikisho kwa miaka 12, nao haukutiwa sahihi na mwanasiasa yeyote. Mwaka 1960 hakuna kura ya wananchi iliyopigwa.

Kwa maoni yetu, nchi ina haki ya kujitoa. Senegal haikufanya dhambi kwa kukataa dola moja ambalo haikulitaka. Ubaya ni kuachana usiku mmoja, kabla ya kukaa na kugawana chochote. Sisi wenyewe tumewaona wazee wa iliyokuwa Jumuiya wakidai mafao yao miaka na miaka.

Mali yenyewe imepata kuwa upande wa pili. Tarehe 28 Januari 2024, pamoja na Burkina Faso na Niger, ilitangaza kutoka ECOWAS. Watawala wao walisema wanatoka mara moja. Mkataba ukasema ni baada ya mwaka mzima. Wakatoka rasmi tarehe 29 Januari 2025. ECOWAS ikaziomba nchi zake ziendelee kutambua pasi na vitambulisho vya raia wa nchi hizo tatu mpaka mazungumzo yaishe, nazo zile tatu zikasema raia wa ECOWAS wataingia bila viza. Safari hii mpaka wa Kidira haukufungwa. Malori ya Bamako yaliendelea kwenda Dakar kuchukua mizigo.