Steringi Wawili na Mapumziko Katikati

Anayeitazama RRR kwa mara ya kwanza anaweza kuamua mapema kwamba mwongozaji wake hana kiasi. Ofisa mmoja wa polisi anaruka uzio, anajitosa peke yake katikati ya maelfu ya waandamanaji, anapigwa mpaka anatota damu, na bado anarudi akimburuta mtu aliyeagizwa kumkamata. Muda si mrefu tunaletewa mwingine, yuko porini anapambana na chui milia kwa kamba na nguvu za mikono. Ukipima kwa sheria za fizikia, picha imeshaharibika kabla hata jina lake halijatokea kwenye skrini. Na jina lenyewe halina haraka, linajitokeza baada ya kama dakika 40.

Fizikia, hata hivyo, siyo inayotawala filamu za aina hii. Kinachotawala ni deni. Kila pigo lisilowezekana linatakiwa liwe limeshalipiwa kwa uchungu, kiapo au dhuluma ambayo mtazamaji ameishuhudia kwa macho yake. Likiwa limelipiwa, ukumbi unasimama na kupiga miluzi. Likitoka bure, watu wanacheka. S. S. Rajamouli, aliyeongoza RRR kwa hadithi ya baba yake mzazi V. Vijayendra Prasad, ni mhasibu mkali kuliko wengi wanaomwiga.

Kwanza tuiweke filamu mahali pake. Ilitoka Machi 25, 2022, na ni ya Kitelugu, lugha ya watu zaidi ya milioni 80 ambao wengi wao wako katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana nchini India. Makao makuu ya sinema yake ni Hyderabad, si Mumbai. Huku kwetu filamu hizi hutufikia mara nyingi zikiwa zimeingiziwa sauti za Kihindi, ndiyo maana zinatiwa kapu moja na za Bollywood.

Sasa tuje kwenye ufundi. Majumba ya sinema ya India hukatisha picha katikati ili watu watoke, wale, wanywe. Mwandishi wa filamu ya Kitelugu hawezi kukichukulia kipindi hicho kama ajali. Akiwaachia watazamaji watoke wakipiga miayo, amekwisha. Kwa hiyo hadithi hujengwa ikiwa na vilele viwili, na kile cha kabla ya mapumziko aghalabu ndicho kigumu zaidi kukijenga. Katika RRR, yenye dakika 182, nusu nzima ya kwanza inamiminika kuelekea bustani ya Gavana Scott, Mwingereza, mjini Delhi.

Tazama madeni yanavyokusanywa. Mwaka ni 1920. Katika msitu wa Adilabad, mke wa gavana anapendezwa na mtoto wa kabila la Wagondi aitwaye Malli. Sarafu zinatupwa, mama anadhani ni bakshishi ya wimbo. Kumbe ndiyo bei ya mwanawe. Mama anapolikimbilia gari, askari anamwelekezea bunduki, na Scott anamzuia: risasi ni mali ya thamani, isipotezwe kwa mtu kama yule. Badala yake mama anapigwa gogo la mti kichwani. Bheem, mlinzi wa kabila lao, anaingia Delhi kwa jina la Akhtar kumtafuta mtoto. Raju ndiye ofisa aliyepewa kazi ya kumsaka. Wawili hawa wanakutana darajani wakimwokoa mvulana asiungue, wanashibana, na hakuna anayejua mwenzake ni nani.

Siri inafichuka kwa awamu. Raju anaumwa na nyoka, Bheem anamtibu, na kwa kumwamini anamweleza alichokijia. Usiku huohuo lori linavunja lango la gavana, wanyama wa porini wanaruka nje, na Bheem yumo kati yao. Raju anakuja kumzuia. Mmoja amepewa maji, mwingine moto, na wanapigana kando ya chemchemi za bustani. Hapa hakuna adui wa kumzomea. Kila ngumi inampata mtu tunayempenda, na Raju tumefichwa sababu yake halisi ya kuvaa sare ya Mwingereza. Ukumbi unatoka kwenda mapumziko ukiwa umegawanyika, jambo ambalo mabomu pekee hayawezi kulifanya.

Nusu ya pili ni ya kulipa. Katika wimbo wa urafiki Bheem alikuwa akichuchumaa na kuinuka akiwa amembeba Raju mabegani, mchezo tu wa vijana. Baadaye Raju, akiwa amegeukia upande wa Bheem, anateswa gerezani mpaka miguu haifai, na mabega yaleyale yanamtoa, yeye akifyatua bunduki kutoka juu. Na Scott? Anamalizwa kwa risasi.

Hata Naatu Naatu, wimbo ulioshinda Oscar Machi 2023, ni pambano. Mzungu mmoja anawadharau Raju na Bheem kwenye karamu, wanajibu kwa miguu, na mwishoni wanashindana wenyewe kwa wenyewe. Raju anajiangusha makusudi ili rafiki yake ashinde mbele ya binti anayempenda. Ukumbi wa karamu ile ni ikulu ya Mariinskyi mjini Kyiv, iliyopigwa picha miezi michache tu kabla ya vita vya Urusi na Ukraine vya mwaka 2022.

Si kwamba kila kitu kimepimwa sawasawa. Sita, mchumba wa Raju, kazi yake kubwa ni kungoja. Waingereza wamechorwa kwa rangi moja, ingawa kwa hilo simlaumu sana Rajamouli. Sinema zao zimetuchora sisi vibaya zaidi, tena kwa miaka mingi.

Dosari kubwa iko kwa Bheem. Mashujaa hawa waliishi kweli. Alluri Sitarama Raju aliongoza uasi wa Rampa dhidi ya Waingereza kuanzia 1922 hadi alipouawa mwaka 1924. Komaram Bheem alikufa mwaka 1940 akipigana na utawala wa Nizam wa Hyderabad, aliyekuwa mtawala Mhindi, na mapambano yake yanakumbukwa kwa kaulimbiu ya maji, msitu na ardhi. Filamu haidai kuwa historia, na kuwakutanisha watu hawa ni haki ya msanii. Lakini Nizam ametoweka kabisa, na katika tamati Raju anamuuliza Bheem anataka nini. Bheem anaomba elimu, na Raju anamwandikia kwenye bendera: maji, msitu, ardhi. Mtu wa msituni anafundishwa kaulimbiu yake mwenyewe na mkono wa mwingine, na filamu inatutarajia tushangilie.