Ladha ya Divai ya Dodoma Yatoka Wapi?

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, zabibu si zabibu tu? Mbona watu husema divai ya nchi hii si sawa na ya nchi ile?" Swali lake ni la maana, nami nataka kulijibu kwa mfano wa Dodoma.

Katika Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali. Majani yake hupukutika, nao husimama kama mti uliokufa. Ndiyo sababu huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Huko mkulima ndiye auamshaye mzabibu kwa mkasi wake: akiisha kuyakata matawi, machipukizi mapya hutokea, na baada ya miezi michache vichala huwa tayari. Hivyo aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Lakini mavuno hayo mawili hayafanani. Mvua ya Dodoma ni haba, yapata milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Zabibu za Machi huivia mvuani: hunywa maji mengi, utamu wake hupungua, tena ukungu huzishambulia. Siku chache za mvua mfululizo zaweza kuviozesha vichala ambavyo mkulima amevitunza miezi yote, na ada ya shule ya watoto ikaoza pamoja navyo. Zile za Agosti na Septemba huivia katika ukavu, zikawa tamu sana. Basi kwa kuwa hamira huigeuza sukari ya zabibu kuwa kileo, zabibu tamu hutoa divai yenye nguvu.

Nchi yenyewe nayo yasaidia. Uwanda ule umeinuka kama mita 1,100 juu ya bahari. Mchana jua huchoma, na usiku wa Juni na Julai watu hutafuta blanketi. Ubaridi huo huuzuia uchachu wa tunda usipotee upesi. Divai isiyo na uchachu, kwa maoni yangu, ni kama mchuzi usiotiwa ndimu. Kadhalika udongo wa kichanga huyapitisha maji, mizizi isioze.

Imebaki aina ya mzabibu. Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire katika Ufaransa, huushika uchachu wake hata penye joto, kwa hiyo yafaa sana Dodoma kwa divai nyeupe. Makutupora ni zabibu nyeusi, yenye jina la mahali palipo kaskazini ya mji. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, maana rangi imo katika ganda. Humo pia ndimo utokamo ule ukakasi ushikao ulimi, mfano wa mtu aliyeuma ndizi mbichi.

Yule mwanafunzi hakusadiki habari ya ganda. Nikampa zabibu nyeusi aimenye. Maji yake yalitoka meupe, bali ganda alilolisugua lilimwachia rangi vidoleni.