Moyo na Presha

Katika maongezi yetu ya leo twapenda kueleza habari za ugonjwa wa moyo, na hasa lile shinikizo la damu ambalo wengi huliita presha.

Ndugu zetu wa Newala wajua ya kuwa juu ya nyanda zile za Makonde hakuna mito. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Bomba likiwa jembamba, pampu haina budi kusukuma kwa nguvu zaidi, nayo huchakaa upesi. Basi moyo ndio pampu ya mwili. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, bila kupumzika. Mishipa ya damu ikikaza, moyo hufanya kazi kupita kiasi. Kuta zake hunenepa, kisha hulegea, na mtu huvimba miguu na kukosa pumzi hata akilala. Tena mshipa wa ubongo huweza kupasuka au kuziba, upande mmoja wa mwili ukapooza. Hapo husemwa kwamba amerogwa, na siku za kumwokoa zapotea.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Mtu aweza kupalilia mikorosho yake mwaka mzima, haumwi kichwa wala haoni kizunguzungu, naye anayo. Hayajulikani ila kwa kupimwa mkononi. Hesabu zikifika 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbalimbali, presha imepanda. Sisi wa Nanganga hatuna udhuru: barabara ya kwenda Masasi yapita Ndanda, penye hospitali, na kupima ni kazi ya dakika chache. Aliyepita miaka 40 asingoje kuugua.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika ng'onda. Twajua mboga isiyokolea haipendezi, lakini ulimi huzoea baada ya majuma machache. Tumbaku iachwe kabisa. Na msimu wa mabibo, uraka usigeuzwe maji ya kunywa.

Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, ambako mioyo hupasuliwa na kutengenezwa. Ni msaada mkubwa, ila safari ni ndefu. Aliyepewa vidonge vya presha avimeze kila siku, hata ajionapo mzima, maana uzima ule waletwa na vidonge vyenyewe; na asiviache mpaka mganga wa hospitali amwambie.