Wakala wa mwigizaji, na hali ilivyo Kolwezi

Wakala wa mwigizaji humtafutia mteja wake kazi, hupatana bei kwa niaba yake na kuusoma mkataba kabla haujatiwa saini. Ujira wake hukatwa kwenye malipo ya kazi yenyewe. Ufaransa na Marekani kiwango kilichozoeleka ni asilimia 10. Mwigizaji asipopata kazi, wakala naye hapati kitu. Kwa hiyo anayedai dola za "fomu" kabla ya kazi yoyote ama haijui kazi ya uwakala, ama anaijua kazi nyingine.

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, inajulikana kwa shaba na kobalti, si kwa sinema. Hata filamu ya Raoul Coutard ya mwaka 1980 kuhusu mapigano ya Kolwezi ya 1978, *La Légion saute sur Kolwezi*, ilipigwa ng'ambo, katika Guyane ya Ufaransa.

Mahali kama hapo, mawakala wasipopatikana, kazi yao hufanywa na kundi la waigizaji. Mfano mkubwa wa Katanga ni kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililochekesha vizazi kwa redio na televisheni katika Kiswahili cha huko huko. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuata mwaka 1986 likitayarisha mchezo juu ya madaraka, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Waigizaji hawakukariri maandishi: walijadili wazo, wakagawana nafasi, kisha wakayabuni maneno wenyewe. Katika makundi ya aina hii kiongozi ndiye anayepokea mialiko na kugawa pesa. Mgeni hujifunza kwa kusimama jukwaani na wakubwa, na watazamaji humjua kwa jina lake la jukwaani. Dosari yake ni kwamba mapatano hubaki mdomoni, na siku watu wakikosana hakuna karatasi ya kurejea.

Njia nyingine ni usaili wa mwongozaji anayetoka nje. Rachel Mwanza, aliyekuwa mtoto wa mitaani Kinshasa, aliteuliwa hivyo kwa filamu *Rebelle* ya Kim Nguyen, na mwaka 2012 akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Berlin. Lakini bahati ya namna hii haina ratiba. Wengine hujijenga nje: Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, mji ulio kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Lubumbashi, alikulia Ubelgiji na kujijenga huko. Ndiye aliyeigiza nafasi kuu katika filamu *Augure* ya mwongozaji Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopewa tuzo Cannes mwaka 2023.

Anayetaka kuonekana na wakala wa mbali humtumia video fupi ya igizo yenye sauti safi, picha ya karibuni isiyorembwa, na orodha ya lugha zake. Orodha hiyo ndiyo mtaji ambao vijana wa Kolwezi huusahau: Kiswahili cha Katanga, Kifaransa, Kisanga, Kiluba, Kiruund na Kichokwe si vitu anavyovipata mwongozaji Paris kila siku.

Mkataba wa uwakala hutaja asilimia, nchi unakotumika, muda wake na namna ya kuuvunja. Kwa Kongo huandikwa kwa Kifaransa cha kisheria, hivyo usomwe na anayekielewa vizuri. Na ukikosa tarehe ya mwisho, usitiwe saini.