Anayetaka Kazi ya Usalama wa Chakula Asome Nini?

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu aina ya aflatoksini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, wagonjwa walikuwa 317 na vifo 125. Sumu hii huwezi kuibaini kwa kuonja wala kunusa, na moto wa kusongea ugali hauiui. Kinga ya mlaji ni mtu aliyepima mahindi kabla hayajasagwa.

Mtu huyo ndiye afisa usalama na ubora wa chakula. Vijana wengi wanaoiulizia kazi yake hupewa jibu la haraka: tafuta cheti cha HACCP, utaajiriwa. HACCP ni mfumo wa kuchambua hatari na kuzidhibiti katika hatua nyeti za uzalishaji. Ulianza miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ilipokuwa ikiandaa chakula cha wanaanga wa NASA. Ni mfumo mzuri, na viwanda vinauhitaji. Lakini cheti chake ni cha kuongezea juu ya elimu, na asiye na elimu ya chini yake hukwama siku ya kwanza kazini.

Tazama kazi yenyewe. Lori la mahindi limefika langoni. Kuvu wanaotoa sumu hii hawaenei sawasawa katika mzigo: gunia moja linaweza kuwa na punje chache zilizojaa sumu, na magunia yanayolizunguka yakawa safi. Afisa anayechoma bambo kwenye magunia mawili ya juu, kwa sababu ndiyo anayoyafikia bila kupanda, atapata majibu mazuri na kuingiza sumu kiwandani. Anayeijua kazi huchoma magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, akachanganya alichokitoa, akakisaga, ndipo akapima sehemu yake. Hupima pia unyevu, maana kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu mahindi yazidi asilimia 13.5; yakizidi, kuvu hupata pa kustawi. Sumu ya aflatoksini kwa jumla haitakiwi kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo, sawa na miligramu 10 katika tani nzima.

Katika kazi hiyo ya nusu siku kuna mikrobiolojia ya kueleza kwa nini unyevu ni hatari, kemia ya kupima kiasi kidogo namna hiyo, na takwimu za kuamua magunia mangapi yachomwe. Ndiyo maana msingi wa fani hii ni sayansi. Mwanafunzi wa sekondari ashike kemia na baiolojia, wala asiikimbie hisabati. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinatoa shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula. Kenya vipo vyuo vikuu vya JKUAT, Egerton na Nairobi. Mwenye stashahada naye ana nafasi, hasa maabara na kwenye mstari wa uzalishaji. Zipo na njia za pembeni: afya ya mazingira kwa anayetaka kukagua migahawa na masoko, tiba ya mifugo kwa ukaguzi wa nyama, kemia kwa anayependa maabara.

Kozi fupi zifuate hapo, na zifuate kazi unayoilenga. Kiwandani utahitaji HACCP na ISO 22000, kiwango kilichotoka mwaka 2005 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018. Baadaye, ukaguzi wa ndani. Maabara itakutaka uijue ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara za vipimo. Kulipia kozi ya mkaguzi mkuu kabla hujafanya kazi kiwandani ni kupoteza fedha, kwa sababu huwezi kukagua usichowahi kukiona kikifanyika.

Kuna mambo darasa haliyafikishi. Maziwa yanayopitishwa kwenye mtambo wa pasteurisheni hupashwa moto angalau nyuzi 72 za selsiasi kwa sekunde 15. Fomu ya zamu ikionyesha 72.0 kila saa, asubuhi hadi jioni, bila kupanda wala kushuka hata nukta moja, mzoefu huingia shaka papo hapo. Mtambo halisi hupandapanda na kushuka. Inawezekana fomu ile ilijazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Jicho hilo hupatikana kwa mafunzo ya vitendo, kwa hiyo mwanafunzi asikubali kumaliza muda wake kiwandani akipanga mafaili tu.

Wavuvi na wachakataji wa Ziwa Victoria waliujua uzito wa haya mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia kwa nyakati tofauti samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania. Sangara walikuwepo ziwani na viwanda vilikuwepo Mwanza na Kisumu. Kilichodaiwa ni ushahidi kwamba samaki ni salama, yaani wakaguzi, maabara na kumbukumbu zinazoaminika.

Sifa ya mwisho haiandikwi kwenye wasifu: uthubutu wa kuzuia mzigo. Dereva anasubiri, mwenye mahindi analalamika, meneja wa uzalishaji anataka mashine zizunguke. Kwa mwajiri nasema hivi: afisa ubora asiwe chini ya meneja wa uzalishaji. Awajibike moja kwa moja kwa mkuu wa kiwanda, na neno lake la kuzuia mzigo lisitenguliwe ila kwa vipimo vipya. Kwa kijana anayekwenda usaili, uliza swali hili kabla ya kuuliza mshahara: nikikataa lori, nani ana mamlaka ya kuliingiza? Jibu litakuonyesha kama kiwanda kinataka mtaalamu au kinataka saini tu.